Supu ya Kupita Kwenye Meno

Punda alimpiga baba yangu teke la taya siku ya Jumatatu, kwenye birika la kunyweshea mifugo kule Oldonyosambu, mbele ya watu wazima na watoto. Taya likavunjika sehemu mbili. Daktari wa meno mjini akayafunga meno ya juu na ya chini kwa waya, akayabana kama mlango wa duka siku ya msiba, akasema wiki sita. Wiki sita bila kufungua mdomo. Wiki sita za kunywa tu, kwa mrija, kupitia pengo dogo nyuma ya magego.

Siku ile alikuwa na kilo sitini na tatu. Wiki ya tatu ilipoisha mizani ilisoma hamsini na tano. Nesi aliandika, akaangalia tena, akamwita daktari.

"Mrudi Ijumaa ijayo," daktari akasema. "Akishuka chini ya hapa, hata nusu kilo, tunamlaza na kumpitishia mpira wa chakula puani."

Mtu aliyefungwa meno huongea, ila maneno hutoka yamebanwa, kama ya mtu anayenong'ona kwa hasira. Tulipofika nje baba akasimama, akaegemea fimbo yake.

"Mpira puani," alisema. "Mimi ni fahali wa kutobolewa pua? Wakiniwekea nitaung'oa. Na hizi waya nitazing'oa. Nitarudi kwa ng'ombe wangu, nife na pua yangu."

Asiyemjua Mzee Efraimu angedhani ni maneno ya ugonjwa. Mimi ni mwanawe wa kwanza. Mwaka mmoja jino lilipomsumbua alilitoa mwenyewe kwa koleo ya kubania kwato, kisha akaenda kupalilia maharage. Nilijua kwamba Ijumaa ikituharibikia, tutamzika.

Tulikuwa tunakaa kwangu Daraja Mbili, vyumba viwili nyuma ya karakana ninakochomelea mageti. Dada yangu Naisiae ana nyumba Njiro, yenye ukuta, vigae, na vyumba vya wageni visivyo na wageni. Lakini kwetu mzee halali chini ya paa la mkwe wake, hata paa liwe la dhahabu. Kwa hiyo kumlisha baba kulikuwa kazi yangu, na niliichukua kwa kifua mbele. Kila alfajiri niliwasha jiko la mkaa, nikachemsha nyama na mifupa ya goti mpaka jua linapanda, nikapekecha kwa kipekecho cha mzeituni mpaka viganja vinawaka, kisha nikachuja kwa chujio la chai. Kilichopita kwenye chujio alikunywa baba. Kilichobaki juu, yaani nyama yote, nilikula mimi.

Jirani yangu, Dada Hedwiga, mwanamke wa Marangu anayeuza mitumba na asiyejua kunyamaza, alisimama mlangoni siku moja akatuangalia.

"Parsimei," aliniita, "mbona mgonjwa anakonda na nesi ananenepa?"

"Hii ni supu ya kiume, dada. Usiingilie."

"Sawa, mwanaume. Ila shati lako vifungo vinalia."

Sikucheka. Nilijua ni kweli. Nikiiacha supu nzito, nyuzi za nyama ziliziba mrija, baba akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, kisha akasukuma kikombe. Nikiichuja, yalibaki maji yenye rangi. Lakini kukiri jambo hilo mbele ya mtu, hapana. Nilikuwa nimeshamwambia kila mtu kwamba baba yangu nitamlisha kwa mikono yangu.

Jumamosi Naisiae akaja na boksi.

"Shikamoo baba," akamsalimia, kisha akanigeukia bila salamu. "Sogeza hayo masufuria yako."

Akatoa kitu kama jagi kubwa la chuma, lenye kifuniko kizito. Chini ya kifuniko kilining'inia chuma kirefu chenye kisu cha mabawa manne. Akaeleza kwa haraka, kama mtu anayejua kwamba atapingwa. Unaweka nyama iliyokwisha kuchemshwa, viazi, karoti na maji. Unafunga. Mashine inachemsha yenyewe na kusaga yenyewe, dakika ishirini na tano. Inatoka supu laini kama maziwa ya mgando yaliyotikiswa, na hakuna cha kuchuja.

"Bei gani?" nikauliza.

"Haikuhusu. Duka limenipa siku saba. Ikitufaa inabaki. Isipotufaa nairudisha Jumamosi ikiwa na boksi lake."

"Basi usiliharibu boksi," nikamwambia.

Alinitazama. Naisiae ni mdogo wangu kwa miaka miwili, lakini amekuwa akinitazama hivyo tangu alipofaulu kwenda sekondari na mimi nikabaki. "Parsimei, unamnywesha baba maji ya kuoshea sufuria. Ijumaa mizani haitaangalia kiburi chako."

"Na wewe unadhani baba ni mtoto wa Njiro wa kulishwa kwa kitufe?"

Fimbo ya baba ikagonga sakafu. Tukamgeukia wote wawili.

"Hiyo mashine," akasema kupitia meno yake, "nikinywa nitajuaje ni nyama gani? Mwanaume huonyeshwa nyama kabla ya kuila. Mimi sinywi kitu kisicho na umbo."

Nilitabasamu. Nilidhani yameishia hapo. Lakini Naisiae naye ni mtoto wa Efraimu. Alitoka, akaenda buchani, akarudi na nyama kwenye sinia. Akapiga magoti mbele ya baba akamwonyesha kipande kimoja kimoja: hiki ni cha paja, hiki ni cha shingo, hili ni ini. Baba akagusa kila kipande kwa ncha ya kidole. 

"Siku nne," alisema hatimaye. "Nitakunywa siku nne. Kisha nitasema."

Jumapili kabla ya ibada, Jumatatu na Jumanne kabla ya kwenda kazini, Naisiae alikuja na sinia lake. Mashine ilinguruma kama pikipiki iliyokwama matopeni, wapangaji wakagonga ukuta, kisha ikanyamaza na kutoa supu ya rangi ya udongo. Ilipita kwenye mrija bila kukwama. Hilo nililiona na likaniuma. Lakini baba alikunywa nusu kikombe tu kila mara, akafunga macho, akasukuma.

"Haina ladha," alisema. "Kama kunywa ukuta."

"Nusu kikombe!" nilimwambia Naisiae tulipokuwa nje. "Zaidi ya hapo hata maji yangu anakunywa."

"Nusu kikombe cha nyama nzima," akajibu. "Hesabu vizuri, fundi."

Jumanne jioni baba mdogo Sifaeli alishuka kutoka nyumbani kuja kumjulia hali kaka yake. Baba mdogo ni mtu wa maneno machache na sauti kubwa. Alionja kijiko kimoja cha ile supu ya mashine, akatema dirishani.

"Ero, kijana," aliniambia, "mgonjwa anapewa supu bila gome? Ndiyo maana anakonda. Hii supu ni uchi."

Akatoa mfukoni kipande cha gome la olmukutan, kirefu kama kidole cha kati, akakifunga uzi mweupe. Kila mwanaume wa kwetu aliyewahi kukaa porini na wenzake kula nyama na kujitibu kwa supu analijua gome hilo. Ni chungu, linasafisha tumbo, linaamsha njaa. Linachemshwa na nyama likiwa zima. Rangi ikishakuwa kama ya chai, unavuta uzi, unalitoa. Kiasi hicho ni dawa. Ukilizidisha linatapisha mpaka mtu anaita mama yake.

Nami naapa kwamba nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu.

Jumatano Naisiae alikuwa na safari ya kikazi Karatu. Alinipigia alfajiri.

"Nyama umeiona kwenye friji ya Hedwiga. Ichemshe kwanza. Usijaze jagi kupita alama. Ukimaliza, chomoa waya wa umeme ndipo ufungue. Nikutumie maelekezo?"

"Nachomelea chuma kwa umeme tangu nina miaka kumi na saba," nikasema. "Jagi litanishinda?"

Nikakata simu.

Nikamwonyesha baba nyama. Akaigusa. Nikaiweka kwenye sufuria na gome la baba mdogo, nikachochea mkaa. Harufu ya kwetu ikajaa chumba, baba akainua kichwa kitandani. Nikaona pua yake inafanya kazi, na moyo wangu ukapanda. Niliwaza: kumbe dawa ndiyo hii! Mashine isage, lakini kitakachompa baba njaa kitakuwa kimetoka milimani kwetu, si dukani. Nyama ilipoiva nikamimina kila kitu kwenye jagi. Nikabana kifuniko. Nikabonyeza.

Tangu nikiwa kijana nimepika supu hii mara mia. Kwenye sufuria kila kitu hukaa pamoja mpaka mwisho. Kipekecho kinapita, kinavunja nyama, gome linazunguka tu, na wakati wa kumimina ndipo unavuta uzi. Mikono yangu ilifuata njia iliyoizoea. Haikuniuliza, nami sikuiuliza.

Baba alikunywa kikombe kizima.

Sikuamini. Alivuta, akapumzika, akavuta tena, mpaka mrija ukapiga kelele chini ya kikombe. "Hii," alisema, "hii ni supu. Chungu kama ya baba yangu." Baba mdogo, aliyekuwa amelala kwetu, alipiga paja lake akacheka. Nikajiona mkubwa kuliko mlima. Nikachukua jagi kwenda kuliosha, nikiimba.

Kwenye kisu cha mashine kulikuwa na uzi mweupe. Ulikuwa umejizungusha kwenye shina la chuma, umebana vizuri kama uzi wa cherehani. Mwisho wake haukuwa na kitu.

Nilisimama pale nje bombani, maji yanamwagika miguuni. Nikatafuta kwenye jagi kwa vidole. Nikatafuta kwenye sufuria. Nilikuwa najua kwamba silipati. Gome zima, lenye urefu wa kidole, lilikuwa limesagwa likawa unga, na unga huo ulikuwa tumboni mwa mtu ambaye mdomo wake umefungwa kwa waya.

Nesi alituambia siku ya kwanza: mtu wa namna hii akitapika, matapishi hayana pa kutokea. Yanarudi kwenye koo, yanaingia kwenye pafu, na anakufa mbele yenu. Akatupatia koleo ndogo ya kukatia waya. Kateni hapa na hapa, alisema. Msisubiri.

Niliurarua ule uzi, nikautia mfukoni. Hilo nililifanya kabla ya kukimbia ndani. Naliandika kwa sababu ni kweli.

Nilipofika, baba alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, jasho limemjaa kwenye paji la uso. Baba mdogo alikuwa amemshika bega.

"Ana nini?" baba mdogo akauliza. "Amebadilika rangi."

"Mwinamishe," nikasema. "Kichwa chini! Kichwa chini baba, chini kabisa!"

Tumbo lake likajikunja. Nikaona mashavu yakijaa. Nikaichukua koleo kwenye msumari, nikapiga magoti chini ya uso wake, nikaingiza ncha pembeni mwa mdomo kutafuta waya wa kwanza. Mkono wake ukakamata kifundo cha mkono wangu. Mzee wa kilo hamsini na tano, lakini nilishindwa kuusogeza mkono. Alitikisa kichwa. Hapana. Nilielewa alichokuwa anasema. Waya zikikatwa tunaanza upya, wiki sita nyingine, na hana mwili wa wiki sita nyingine.

"Baba, niachie!"

Hapana.

"Kata!" baba mdogo alipiga kelele. "Kata, layoni wewe usiyetahiriwa, unasubiri nini!"

Hedwiga alikuwa ameingia, nguo za mitumba bado zipo begani. Hakuuliza. Alikuja akaweka kiganja chake kwenye kisogo cha baba, akakandamiza mpaka uso ukatazama sakafu, na kwa mkono mwingine akampigapiga mgongo. "Vuta pumzi kwa pua, mzee. Kwa pua. Kwa pua tu."

Kisha ikaja. Ilitoka katikati ya meno. Ilitoka kila mahali, kwenye mapengo yote, nyembamba kama maziwa yanayochujwa, ikamiminika sakafuni na kwenye magoti yangu. Akavuta pumzi kwa pua. Ikaja tena. Hakuna kilichokwama, kwa kuwa hakukuwa na cha kukwama. Hata uzi mmoja wa nyama haukuwemo. Mara nne, mara tano. Kisha mkono wake ukalegea kwenye kifundo changu, akalala ubavu, akipumua kama mtu aliyekimbia kutoka Kisongo.

Waya zilikuwa nzima. Nilibaki nimepiga magoti, koleo mkononi, nikitazama ile supu sakafuni. Nikawaza, ingekuwa yangu ya kupekecha, yenye nyuzi, ingetoka vipi?

Baba mdogo ndiye aliyesema wa kwanza.

"Ni hiyo mashine." Aliinuka. "Inasaga sumu gani? Chuma chake kimeingia kwenye supu. Nilisema mimi. Mpigie huyo msichana."

Hedwiga alinitazama. Sikusema kitu. Baba mdogo akapiga simu mwenyewe, na sauti yake nadhani ilisikika Karatu bila simu. Mashine yako imetaka kumuua baba yako. Mashine yako. Alirudia mara tatu.

Jioni ile baba alikunywa maji tu.

Alhamisi asubuhi Naisiae alifika akiwa amevimba macho. Alikuwa ameondoka Karatu kabla ya jua. Mashine ilikuwa tayari ndani ya boksi, baba mdogo ameifunga kamba ya katani kama mtu anayefunga mbuzi mkorofi. Dada yangu hakubishana. Huyo Naisiae ambaye hajawahi kukubali kosa hata la kuvunja kikombe, alipiga magoti kando ya kitanda.

"Nisamehe baba. Nilidhani nakusaidia."

Baba alikuwa amefumba macho. Mifupa ya mashavu ilikuwa imechomoza kuliko juzi. Ijumaa ilikuwa kesho.

"Umesoma sana," baba mdogo alimwambia. "Kusoma kumekufanya uone mikono ya kaka yako ni michafu. Mwangalie. Amepika wiki tatu na hakumtapisha mtu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Kitu nilichokuwa nakitaka tangu Jumamosi kilikuwa kimekuja chenyewe, kimefungwa kamba. Mimi ndiye mwana aliyelisha kwa mikono. Yeye ndiye binti aliyeleta sumu kwenye boksi. Nilikuwa sina haja ya kusema uongo hata mmoja. Nilitakiwa kunyamaza tu.

Naisiae akanyanyuka, akafuta uso, akalichukua boksi. Lilikuwa zito, akaliegemeza tumboni. "Nipishe," aliniambia. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nenda kapike. Angalau apate hayo maji yako."

Hayo maji yako. Hakulisema kwa dhihaka safari hii, na ndiyo sababu liliniingia. Niliona mizani ya kesho. Nilimwona baba akishuka, nesi akiandika, mpira ukija. Niliona mkono ule uliokamata kifundo changu ukikamata mpira.

Sikumpisha.

"Ni mimi," nikasema.

"Nini?"

Nikatoa uzi mfukoni. Ulikuwa bado umejikunja kwa umbo la chuma. Nikauweka juu ya boksi, mbele ya macho yake.

"Gome. Nililisahau ndani. Nikalisaga lote pamoja na nyama. Mashine haikufanya kitu ambacho sikuiambia ifanye." Nikaendelea: "Na nilijua tangu jana. Kabla hajatapika nilikuwa nimeshajua."

Nje mtu alikuwa anapiga honi.

"Ero," baba mdogo alisema taratibu, "gome langu… ulilisaga?"

"Ndiyo, baba mdogo."

"Lote?"

"Lote."

"Mungu wangu." Alikaa kwenye kigoda. "Hilo lilikuwa la kuchemshia siku tano!"

Naisiae alikuwa bado ameshika boksi. Nilidhani atanipiga. Ningekubali kupigwa. "Nimeendesha gari kutoka Karatu nikilia," alisema. "Kwenye kona za Rhotia nilikuwa sioni barabara. Nilikuwa nasema, nimemuua baba kwa sababu nilitaka kumshinda Parsimei. Na wewe ulikuwa na uzi mfukoni."

"Ndiyo."

"Chukua." Akanisukumia boksi kifuani. "Lirudishe ndani wewe mwenyewe. Na kamba uifungue wewe mwenyewe, kwa meno, kwa kuwa unayo."

Kitandani baba alikuwa amefumbua macho. Sijui alikuwa macho tangu lini. Aliniangalia kwa namna ambayo alikuwa akimwangalia ndama dhaifu, akipima kama wa kufuga au wa kuchinja.

"Punda alinipiga teke moja," alisema kupitia meno. "Wewe umenipiga mawili. La gome, na la kunyamaza."

"Nisamehe baba."

Hakujibu hilo. Mpaka leo hajalijibu. Alisema, "Jana koleo uliishika vibaya. Ungenikata ulimi." Kisha akapumzika, akakusanya pumzi. "Tapishi lilipita kwenye meno. Lisingekuwa laini ningekuwa kaburini na hasira zangu. Leteni nyama."

Baba mdogo akashtuka. "Kaka, kwa mashine hiyo hiyo?"

"Kwa mashine hiyo hiyo. Na huyu huyu apike. Nimwone mikono."

Nilipika mbele yao wote watatu, na Hedwiga mlangoni kama shahidi wa mahakama. Naisiae alileta sinia, baba akagusa nyama. Nilichemsha. Kila nilichokitia kwenye jagi nilikitaja kwa sauti, kwa amri ya baba: nyama, ini, kiazi, karoti, chumvi, kijiko cha samli. Baba mdogo aliinama akachungulia ndani ya jagi kwa tochi ya simu. Mashine ikaanza kunguruma. Dakika ishirini na tano ni ndefu kuliko misa ya Pasaka.

Supu ilipotoka, baba alinionyesha kwa fimbo. Kunywa wewe.

Nikanywa kikombe kizima. Ilikuwa nzito, laini, na alikuwa amesema kweli, kama kunywa ukuta, ingawa samli ilisaidia. Nikarudisha kikombe.

"Kaa hapo," alisema. Akatazama saa ya ukutani. "Saa nzima."

Nikakaa kwenye kigoda katikati ya chumba, mtu mzima, fundi mwenye wateja wanaosubiri, nikiangaliwa tumbo. Hedwiga alishindwa kujizuia. "Parsimei, ukibeua tu tumekwisha," alisema, na Naisiae akacheka akiwa bado na machozi, na mimi nikazidi kukaza uso. Saa ilipotimia baba alinyoosha mkono. Alikunywa kikombe kimoja. Akapumzika. Akaomba cha pili. Cha pili alikunywa polepole sana, huku mimi nikitazama paji la uso wake nikitafuta jasho, na Naisiae akitazama, na baba mdogo amebana koleo kwapani.

Jasho halikutoka. Jioni alikunywa viwili vingine. Ijumaa asubuhi, viwili, na nikaongeza samli.

Hospitalini foleni ilikuwa imefika mpaka kwenye ngazi. Tulikaa kwenye benchi karibu na mama mmoja aliyemleta mwanawe, kijana wa bodaboda, taya limefungwa kama la baba. Kijana alikuwa amebaki macho tu. Alipoitwa Efraimu, baba alivua koti, viatu, hata kofia, akaweka fimbo kando. Hakutaka mtu aseme baadaye kwamba aliibia mizani. Akapanda. Naisiae alinishika mkono wa shati bila kujua kwamba amenishika.

Mshale ulipanda, ukarudi, ukatetemeka.

"Simama vizuri mzee," nesi alisema. Akainama. "Hamsini na tano…" Akasogeza miwani. "Hamsini na tano na robo."

Baba alishuka, akaanza kuvaa viatu vyake taratibu.

"Hakushuka," nesi alimwambia daktari, naye daktari akaitikia kwa kichwa akasema mpira tuuache kwanza, arudi wiki ijayo. Nesi akanigeukia. "Wengi wiki ya nne wanaporomoka. Mmempa nini?"

Nikafungua mdomo. Baba aliacha kufunga kamba za kiatu akaniangalia.

"Supu," nikasema. "Ya mashine. Inachemsha na kusaga, inatoka laini."

"Kaka," yule mama wa benchini aliinuka nusu, "hiyo mashine inafaa kweli? Nimeiona dukani nikasema ni vitu vya matajiri."

Nilifikiri kelele zake, ladha yake ya ukuta, kisu chake kisichojua tofauti ya nyama na gome, na namna inavyosumbua kuosha. Nilimtazama mwanawe.

"Mwenye meno asiinunue," nikasema. "Apige kipekecho. Lakini wa kwako huyu, mama, usingoje hata kesho. Na kila unachokitia humo, uwe umekubali kwamba atakimeza chote."

"Wewe uliipata wapi?"

"Si yangu," nikasema, nikamwonyesha Naisiae. "Ni ya dada yangu. Ndiye aliyeileta, mimi nilikuwa naikataa. Muulize yeye duka."

Naisiae akaanza kumwelekeza. Baba alimaliza kiatu cha pili, akanyoosha mkono bila kunitazama, nami nikampa fimbo.